Habari za Majina ya Wapenzi Wasiooana katika Mbeya na Iringa

Kila lugha ina maneno machache tu ya kuwataja mume na mke, nayo hudumu karne nyingi pasipo kubadilika. Bali maneno ya kuwataja mwanamume na mwanamke wapendanao pasipo ndoa ni mengi, tena hayakai. Mtu aliyeondoka Iringa zamani, akirudi leo, atasikia mume akiitwa mume na mke akiitwa mke kama alivyowaacha. Lakini vijana watakapomtajia wapenzi wao itambidi aulize maana. Katika makala hii twataka kuifuata safari ya maneno hayo katika Nyanda za Juu za Kusini, hasa yale yaliyotoka katika Kiingereza, tueleze yalikuja kwa njia gani, na yalikaa mahali pa maneno gani. Hatufanyi hivyo kwa kucheka. Mwalimu au kasisi asikiaye neno asilolijua uzito wake, huandika neno jingine katika daftari yake. Na pengine humwacha msichana katika hatari, akidhani ameambiwa habari za urafiki.

Twaanza na pwani, kwa kuwa Kiswahili kilichopanda milimani zamani za Wadachi kilikuja na maneno yake. Neno kubwa la kale lilikuwa suria. Latoka katika Kiarabu, na wengi wa leo walitumia kama tusi tu, wala hawakumbuki ya kuwa lilikuwa neno la sheria. Suria alikuwa mtumwa wa kike aliyetwaliwa na bwana wake akae naye kama mke. Mtoto wake, bwana akimkiri, alikuwa mwungwana kamili, akarithi pamoja na watoto wa mke wa ndoa. Na mama mwenyewe hakuuzwa tena, akawa huru bwana wake alipokufa. Seyyid Majid na Seyyid Barghash, waliotawala Unguja baada ya baba yao Seyyid Said, walizaliwa na masuria wote wawili, wala hapakuwa na aibu. Amri ya mwaka 1897 iliyofuta utumwa Unguja iliwaacha masuria kando, hata amri ya 1909 ikawafikia nao. Na katika Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922. Tangu hapo suria hakuwa na sheria yo yote nyuma ya jina lake. Jina likabaki halina mwenyewe, likaokotwa na wagombanao.

Pamoja na suria palikuwa na hawara na kimada, na msemo wa kumweka mwanamke kinyumba, yaani kukaa naye kana kwamba ni mke ilhali hakuolewa. Maneno haya hayakuwa na sheria tangu mwanzo. Yalikuwa hukumu ya majirani. Asemaye hawara amekwisha kulaumu. Na lilikuwapo neno bwana, ambalo ni la ajabu zaidi ya yote. Kwa neno hilo hilo Wakristo humwita Mungu, karani humwita mkubwa wake, mke humwita mumewe, na majirani husema juu ya mwanamke asiyeolewa, "Ana bwana." Wageni wengi waliojifunza Kiswahili vitabuni wameshangaa kusikia kwamba mjane fulani ana bwana, wakafurahi kwa ajili ya imani yake.

Huku milimani mambo yalikuwa mengine. Katika Kinyakyusa mke ni unkasi, na msichana ni undindwana, na kati ya majina hayo mawili palikuwa na ng'ombe. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliochunguza desturi za Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walieleza jinsi wavulana wapatao miaka kumi walivyotoka katika nyumba za baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, wakakaa humo na marika yao hata uzeeni. Wasichana waliposwa wangali wadogo, na ng'ombe walianza kutolewa mapema. Vijana wa kiume walingoja, kwa sababu ng'ombe walikuwa mikononi mwa baba, na baba mwenyewe aliweza kuwatumia kwa kuoa mke mwingine kijana. Hapo ndipo ilipotoka hofu kubwa ya wazee, ya kwamba kijana asiyeoa atawaendea wake wadogo wa baba yake. Basi mapenzi nje ya ndoa yalijulikana sana; hatusemi kwamba watu wa kale walikuwa malaika. Lakini yalihesabiwa kuwa kosa lenye mwenyewe: mtu fulani ameibiwa, naye ataka ng'ombe wake.

Neno la kosa lile katika Kiswahili ni ugoni, na atendaye ni mgoni. Hapa twapenda kuwaonyesha wasomaji jambo moja la lugha. Mnyakyusa akimwamkia mwenziwe asubuhi humwuliza, "Ugonile?" maana yake, je, umelala? Twaona kwamba shina lililo katika salamu hiyo ndilo lililo katika ugoni. Shina hilo la kale limeenea katika lugha nyingi za Kibantu kwa maana ya kulala. Watu wa Rungwe wamelitunza katika salamu iliyo safi, na Kiswahili kimelitunza katika neno la barazani. Jina la kabila la Wangoni wa Songea ni habari nyingine kabisa, lililotoka kusini kwa Wanguni. Tumewahi kusikia mahubiri yaliyochanganya mambo hayo mawili, na Wangoni waliokuwapo hawakufurahi.

Pia Wanyakyusa wana neno ukwangala, ambalo Monica Wilson alilifanya kuwa msingi wa kitabu chake cha mwaka 1951. Ni kukaa pamoja kwa furaha, kula na kunywa na kuzungumza na watu wa rika moja, kwa adabu na kusikilizana. Na rafiki ni ummanyani, neno litokalo katika kujuana. Twayataja haya kwa sababu tutayahitaji mbele: urafiki katika lugha ile ulikuwa kwanza mambo ya rika, mwanamume na wanaume wenzake, na mwanamke na wanawake wenzake. Kwa Wahehe na Wabena pia msichana ni muhinza na mke ni mdala, nayo safari kutoka jina moja hata jingine ilipita mikononi mwa wazee wa pande mbili. Kijana aliweza kumtorosha msichana, na mara nyingi alifanya hivyo. Lakini hata mtoroshaji alipaswa kuja baadaye na faini yake na mahari yake, na mambo yakaitwa kwa jina.

Sasa twaja kwenye njia zilizoyaleta maneno mapya.

Ya kwanza ilikuwa dhahabu. Dhahabu ya Lupa ilionekana mwaka 1922, na mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927 kwa sababu yake. Katika miaka ya 1930 vijana wa Unyakyusa, Usafwa, Unyiha, Ubena na kwingineko walikwenda Chunya kuchimba kwa mshahara, wakakaa miezi mingi kambini pasipo wazee. Njia ya pili ilikwenda mbali zaidi. Wanaume wengi wa wilaya za kusini waliandikishwa kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na ya dhahabu ya Johannesburg. Kazi ya kuwaandikisha watu kwa ajili ya Johannesburg ilikomeshwa na Serikali baada ya uhuru wa 1961. Katika miji ya shaba mwanamume na mwanamke walikaa pamoja pasipo mahari, akimpikia naye akimtunza, hata mkataba wa kazi ulipokwisha. Wenyeji wa kule waliziita ndoa hizo mapoto, yaani za masufuria, neno ambalo lenyewe latokana na sufuria ya Kiingereza. Godfrey Wilson, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa chuo cha Rhodes-Livingstone, aliandika habari za maisha ya namna hiyo katika mji wa Broken Hill mwanzoni mwa miaka ya 1940. Neno mapoto halikukaa kwetu, lakini jambo lenyewe walirudi nalo. Tena walirudi na fedha zao wenyewe. Kijana mwenye fedha yake hakungoja ng'ombe wa baba, na hili lilibadilisha mambo kuliko neno lo lote la kigeni.

Njia ya tatu ilikuwa shule. Zamani za Waingereza Kiswahili kilikuwa lugha ya shule za chini, na Kiingereza kilikuwa mlango mwembamba wa kuingilia shule za juu. Mwaka 1928 W. B. Mumford alifungua shule ya Serikali huko Malangali, akawaita wazee wa makabila waje kuwafundisha wavulana desturi na ngoma za kwao, ili elimu isiwatenge na watu wao. Jaribio lile lilisifiwa Ulaya. Lakini kijana aliyejua Kiingereza, huko Malangali na kwingine kote, alijua pia ya kuwa lugha ile ndiyo iliyotoa mishahara. Na neno la Kiingereza katika kinywa chake lilikuwa kama kiatu kipya. Aliyesema ana gelfrendi hakusema tu kwamba ana msichana. Alisema pia kwamba amesoma.

Baada ya uhuru zikaja barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, mwendo wa kilometa 1,860. Makambako, Mbeya na Tunduma zikawa mahali pa kulala madereva. Kisha, tangu miaka ya 1990, redio za watu binafsi na nyimbo za vijana na simu za mkononi zikaondoa hata haja ya safari. Neno litamkwalo Dar es Salaam jioni hufika Mafinga usiku ule ule.

Maneno yenyewe ni yapi? Demu ndilo kongwe kati ya yale yanayosikika sana. Wataalamu walitoa katika neno "dame" la Kiingereza, ambalo asili yake ni Kifaransa na Kilatini, na maana yake ya kwanza ni bibi mwenye nyumba. Katika Kiingereza cha mitaani cha Marekani neno hilo lilishuka cheo likawa mwanamke ye yote tu, na kwetu lilifika likiwa limekwisha kushuka. Bebi ni mtoto mchanga katika Kiingereza. Kwetu ni mpenzi, wala hakuna amwitaye mtoto mchanga bebi isipokuwa mtu wa mjini. Boifrendi na gelfrendi maana yake ni rafiki wa kiume na rafiki wa kike. Shugadedi na shugamami ni baba na mama wa sukari, yaani mtu mzima ampaye kijana fedha kwa ajili ya mapenzi. Na siku hizi limetoka Kenya neno sponsa kwa maana hiyo hiyo, ambalo kwanza lilikuwa la mfadhili wa masomo au wa mpira. Spea ni mpenzi wa akiba, mfano wa gurudumu la akiba la gari. Singo ni asiye na mtu.

Kiswahili hakikukaa kimya mbele ya wageni hawa. Kilitunga cha kwake, na twaona kwamba utunzi wake una chumvi zaidi. Mwanamke awekwaye mbali na mke wa ndoa aliitwa nyumba ndogo. Mwanamume atoaye fedha akidhani apendwa aliitwa buzi, na kumla fedha zake ni kumchuna. Mpenzi wa siri ni kidumu. Kenya walisema mpango wa kando. Na katika miaka ya 2010 likaenea Tanzania nzima neno mchepuko, lililotolewa katika barabara: gari lililo katika njia kuu huchepuka likapita njia ya vumbi. Kwa watu wa mikoa iliyokatwa katikati na barabara ya Zambia mfano huu hauhitaji maelezo.

Wenye kupenda sarufi wayatazame maneno haya katika ngeli zake, maana humo mna siri. Mume, mke, mchumba, mpenzi, mwenzi: haya yote ni ya ngeli ya watu, M na WA. Lakini suria na hawara wingi wao ni masuria na mahawara. Demu ni mademu, boifrendi ni maboifrendi, bebi ni mabebi. Si kwamba ngeli hiyo ni ya dharau peke yake, kwa kuwa tunao madaktari na maaskofu humo. Lakini buzi lilitolewa katika mbuzi kwa kuondoa herufi ya kwanza, na hapo ukubwa na dharau vimekusudiwa. Kimada na kidumu ni vya ngeli ya vitu na ya udogo. Na mchepuko umepanda katika ngeli ya miti na mito. Wingi wake ni michepuko, wala si wachepuko. Hivyo lugha yenyewe, pasipo kuamriwa na mtu, imewapa wenye ndoa na wachumba ngeli ya watu, na wengine ikawatawanya. Mpenzi peke yake amekaa mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Na mpenzi ana habari yake. Katika Biblia ya Union Version iliyotolewa mwaka 1952 nyaraka za Mitume huwaita ndugu wa kanisa wapenzi, nalo lilikuwa neno jema lenye upole. Leo mhubiri kijana akilitamka mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu ataona nyuso zikitabasamu. Tusiwalaumu wanafunzi. Kiingereza chenyewe kilipatwa na jambo hili mara nyingi. Neno "paramour", ambalo leo ni hawara, katika Kiingereza cha kale lilitumiwa hata katika mashairi ya ibada, kumtaja Kristo na Bikira Maria. "Leman" lilikuwa mpendwa tu, kisha likawa kimada, kisha likafa. "Mistress" alikuwa bibi mwenye kutawala nyumba. "Hussy" alikuwa mke mtunza nyumba, akaishia kuwa mwanamke asiye na haya. Wasomaji wataona ya kwamba mengi ya maneno yaliyoshuka hivyo ni ya wanawake, na kwamba wanaume wao walibaki juu na majina yao. Kwa Kiswahili nako, mwenye kukaa na hawara mara nyingi huitwa mzee, au bosi.

Wako wasemao kwamba maneno ya Kiingereza yaliingia kwa kuwa Kiswahili kilipungukiwa. Hatukubali. Tumeona kwamba maneno yalikuwapo, tena mengi. Rajmund Ohly alipotoa kamusi yake ndogo ya lugha ya mitaani mwaka 1987, na Uta Reuster-Jahn na Roland Kiessling walipotoa yao ya maneno 1,100 mwaka 2006, habari za wapenzi zilikuwa na sehemu kubwa humo, wala si za Kiingereza tu. Sababu, kama twavyoona, ni kwamba kila neno la zamani lilikuwa na shahidi ndani yake. Mchumba alikuwa na wazazi waliopokea barua. Hawara alikuwa na majirani waliolaumu. Mgoni alikuwa na mume aliyedai. Vijana walitaka neno lisilo na shahidi, lisiloahidi wala kulaumu, na neno la kigeni lilifaa kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa kigeni. Boifrendi halisemi kama kuna ahadi. Halisemi kama wazazi wajua. Halisemi hata umri wake.

Hapa ndipo hatari ilipo, nasi tutakaa hapa kidogo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huyapa maneno haya uzito ambao wasemao hawaujui. Kifungu cha 160 chasema kwamba mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, hata wakajulikana na watu kuwa ni mume na mke, itadhaniwa kuwa walioana, mpaka mtu athibitishe kinyume. Tafakarini maana yake. Mwanamke aliyekaa kinyumba pale Ilula au Mbalizi, akiachwa baada ya miaka mingi, atauliziwa majirani walimwitaje. Wakiwa walimwita mke wa fulani, dhana ya ndoa yamsaidia. Wakiwa walimwita demu wa fulani, mwanamume apata la kusema. Jina ambalo yeye alilicheka sokoni laweza kurudi barazani. Ni kweli kwamba kifungu hicho hicho chaipa mahakama uwezo wa kuamuru matunzo yake na ya watoto hata dhana ikivunjika. Lakini ni wangapi wajuao?

Vivyo hivyo mchumba. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 69, huruhusu kudai fidia kwa ajili ya ahadi ya ndoa iliyovunjwa. Lakini siku hizi kijana huweza kumwita mchumba msichana aliyemjua juzi, na wanaume wengine huwaita hivyo wake zao kwa utani. Basi neno moja lililokuwa na barua, posa na wazee limekuwa neno la kubembeleza. Msichana alisikia ahadi. Kijana alitamka pambo. Mashauri ya namna hii humfikia kila kasisi, na mara nyingi hakuna aliyesema uongo waziwazi.

Lililo zito zaidi ni la watoto wa shule. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 hulihesabu tendo na msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa ni kubaka, hata akiwa ameridhia, isipokuwa ni mke aliyetimiza miaka 15. Na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa ampaye mimba mwanafunzi. Lakini msichana wa miaka 15 aulizwapo na mwalimu wake, husema, "Ni boifrendi wangu." Mwalimu mwenye haya hutafsiri, akaandika: rafiki wa kiume. Nasi tumekwisha kueleza kwamba katika lugha za huku urafiki ni mambo ya rika, watu waliokua pamoja wakajuana. Mzazi akisomewa neno rafiki huwaza kijana wa darasa moja na bintiye. Huenda mtu yule ni dereva wa lori mwenye miaka 40 na watoto watatu Dar es Salaam. Neno limepita vinywa vitatu, na kila lilipopita limepunguza uzito.

Na ugonjwa ulikuwa ukingoja. Katika uchunguzi wa taifa wa 2011 na 2012, kati ya watu wenye miaka 15 hata 49, waliokuwa na virusi vya Ukimwi walikuwa asilimia 5.1 katika Tanzania Bara na Visiwani pamoja. Mbeya walikuwa asilimia 9.0, Iringa 9.1, na Njombe, iliyokuwa imetoka tu katika Iringa, 14.8. Sababu ni nyingi, zikiwamo barabara na kazi za mbali, wala hatusemi kwamba maneno huambukiza. Twasema kwamba ni vigumu kumwonya mtu juu ya jambo ambalo jina lake halionyi.

Kwa hiyo lafaa kukumbukwa jaribio moja lililofaulu. Tangu mwaka 2008 michezo mifupi ya redio ilimtangaza mtu mmoja aitwaye Fataki, mwanamume mtu mzima aliyewarubuni wasichana wa shule kwa zawadi na kuwapakia garini, na kila mara akatokea mtu wa kando, jirani au mpita njia, akamharibia mpango wake. Fataki ni kitu kilipukacho, kila mtu ajua. Jina likatoka redioni likaingia mitaani. Watu wakamwona mtu mzima akimsimamia msichana karibu na kituo cha basi wakaita, "Fataki huyo!" naye akaondoka kwa haya. Angalieni tofauti. Shugadedi ni neno tamu kwa umbo lake, sukari imo ndani, tena humtaja kama baba. Fataki humtaja mtu yule yule, lakini humtaja kama atakayemlipukia mtu mkononi. Lililo zuri zaidi, neno hili lilimpa mpita njia kazi ya kufanya. Lilimrudisha shahidi yule aliyeondolewa.

Kuyakataza maneno ya vijana ni kazi bure. Mwanafunzi aliyechapwa kwa kusema demu atasema jingine nyuma ya darasa, nawe utakuwa umepoteza hata lile ulilolijua. Twaona ni afadhali mwalimu alipokee neno kama lilivyo, aliandike kama lilivyotamkwa, boifrendi au bebi au mchepuko, pasipo kulisafisha kuwa rafiki. Kisha aulize yale ambayo neno limeyaacha: huyu ana miaka mingapi, anafanya kazi gani, nyumbani kwenu wamjua, ameahidi nini na mbele ya nani. Kasisi naye, watu wakija kuandikisha ndoa, asiridhike na neno mchumba mpaka amejua kama ni la barua au la utani. Pia yafaa awaulize kama wamekwisha kukaa kinyumba, na tangu lini, kwa sababu ya ile miaka miwili ya sheria, na kwa sababu pengine yuko mwanamke wa tatu, aliyekaa hivyo na bwana harusi, ambaye majirani zake bado wamwita mke wake.

Wasomaji walio Rungwe, Mbozi, Tosamaganga, Kilolo na Makete twawaomba watuletee maneno ya Kisafwa, Kinyiha, Kihehe, Kibena na Kikinga yahusuyo jambo hili, ya wazee na ya vijana pia. Kila neno liandikwe pamoja na habari ya nani hulitamka na mbele ya nani: je, msichana husema hivyo mbele ya shangazi yake, au mbele ya wenzake tu kisimani? Wingi wake usisahauliwe, ili tujue ngeli. Na majina ya watu wenyewe yasiandikwe kamwe.